Kubadilisha Katiba ya Kenya kwa Sahihi Milioni Moja: Mwongozo Kamili wa Kifungu cha 257

Tangu Katiba ya 2010 ianze kutumika, mipango mitatu mikubwa ya wananchi imejaribu kuibadilisha, na yote mitatu imeanguka. Okoa Kenya, mpango wa muungano wa upinzani CORD, ilikwama kwenye sahihi mwaka 2016. Punguza Mizigo, mpango wa chama cha Thirdway Alliance, ilivuka sahihi mwaka 2019, ikazikwa na mabunge ya kaunti. BBI (Building Bridges Initiative), mpango uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ilivuka sahihi, kaunti na Bunge, kisha Mahakama ya Juu ikaizima tarehe 31 Machi 2022.

Kila mmoja uliangukia shimo lake, na mashimo hayo bado yapo. Mwongozo huu unayapitia kwa mpangilio, kuanzia siku ya kuandika wazo hadi siku sheria inapochapishwa.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Wakenya wa ughaibuni wanaotaka mtu mwenye uraia pacha aruhusiwe kuwa mbunge, gavana au waziri. Kifungu cha 78(2) kinakataza jambo hilo. Lako likiwa jingine, hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Katiba kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kifungu cha 259(2) kinasema matini mbili zikigongana, ya Kiingereza ndiyo hushinda. Soma kwa Kiswahili, lakini andika marekebisho ukiwa na ile ya Kiingereza mezani.
- Mwandishi wa miswada. Wakili anayejua kesi za mahakamani peke yake hatoshi. Tafuta aliyewahi kuandika mswada ukasomwa bungeni.
- Kamati ya waanzilishi, iwe na raia wa kawaida na kumbukumbu za mikutano tangu siku ya kwanza.
- Karatasi. Takriban rimu 200 za A4. Hesabu yake iko katika Hatua ya 4.
- Wakusanya sahihi wapatao 500 na makarani wa kompyuta wapatao 50.
- Usajili kwa Kamishna wa Data. Utashika majina na nambari za vitambulisho vya mamilioni ya watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.
- Akaunti ya benki ya kampeni pekee, na risiti ya kila shilingi. Kortini utaulizwa nani aligharamia.
- Mawakili wa mahakamani, walipwe au waahidiwe mapema. Kesi zitakuja.

## Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lako limo ndani ya Katiba

Watu wengi hukimbilia Katiba kumbe kinachowabana ni sheria ya kawaida, kanuni, au ofisa asiyetaka kazi. Mkenya wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza, kwa mfano, hahitaji marekebisho yoyote ili abaki Mkenya. Kifungu cha 16 kinasema hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Aliyeupoteza chini ya katiba ya zamani anaurejesha kwa kutuma maombi, kwa Kifungu cha 14(5). Kama ofisi inamzungusha, dawa ni malalamiko au kesi.

Kama tatizo limo katika sheria ya Bunge, tumia Kifungu cha 119: mtu yeyote ana haki ya kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Huhitaji sahihi milioni moja kwa hilo.

Mfano wetu unapita kipimo hiki. Maneno ya 78(2) yako wazi: afisa wa Serikali (neno linalojumuisha mbunge, gavana na waziri), au mwanajeshi, hatakuwa na uraia wa nchi mbili. Hakuna sheria ya Bunge inayoweza kuyafuta.

Umefaulu ukiweza kutaja nambari ya kifungu na maneno yenyewe yanayokuzuia, kwa sentensi moja.

## Hatua ya 2: Pima kifungu chako kwa mizani ya 255

Hapa ndipo unapojua kama safari itaishia Ikulu au kwenye debe la kura. Kifungu cha 255(1) kinataja mambo kumi ambayo hayabadilishwi bila kura ya maamuzi:

ukuu wa Katiba. Mipaka ya nchi. Mamlaka ya wananchi. Maadili ya kitaifa yaliyo katika Kifungu cha 10(2)(a) hadi (d). Sheria ya Haki, yaani sura ya haki za msingi. Muhula wa Rais. Uhuru wa mahakama na wa tume. Majukumu ya Bunge. Malengo, misingi na muundo wa ugatuzi. Na sura yenyewe ya marekebisho.

Soma tena polepole. Uraia, yaani Sura ya Tatu, haumo. Uongozi na uadilifu, yaani Sura ya Sita iliyobeba Kifungu cha 78, nao haumo. Wengi hushangaa kusikia kwamba masharti ya kuwa Mkenya ni rahisi kubadilisha kuliko muhula wa Rais, lakini ndivyo orodha ilivyo.

Tahadhari. Wapinzani watajaribu kukuingiza kwenye orodha kwa mlango wa nyuma. Kifungu cha 10(2)(c) kinataja uadilifu, na mtu anaweza kudai kwamba kuruhusu uraia pacha kwa viongozi kunaugusa. Andaa jibu la maandishi mapema, kisha panga bajeti kana kwamba kura ya maamuzi itakuwepo.

### Njia ya Bunge au njia ya wananchi?

Kabla ya kununua karatasi, pima njia ya pili. Kifungu cha 256 kinamruhusu mbunge au seneta yeyote kuwasilisha mswada wa kurekebisha Katiba. Hakuna sahihi, hakuna kaunti. Lakini mswada husubiri siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, na unahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote katika kila bunge: 233 kati ya 349 wa Bunge la Kitaifa na 45 kati ya 67 wa Seneti.

Kwa njia ya wananchi, wengi wa kawaida wanatosha: 175 na 34. Na kuna faida ambayo watu huisahau. Bunge moja likiuangusha mswada wa wananchi, haufi. Unakwenda kwa wapiga kura. Mswada wa 256 ukikosa thuluthi mbili, hadithi imeisha.

Kwa hiyo ukiwa na wabunge 233 mfukoni, nenda 256. Usipokuwa nao, endelea kusoma.

(Kwa walioko Marekani: huko njia hii haipo. Katiba yao hurekebishwa kwa thuluthi mbili ya Kongresi na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Msichanganye.)

## Hatua ya 3: Andika mswada kamili kabla ya sahihi ya kwanza

Kifungu cha 257(2) kinakuruhusu kuanza na pendekezo la jumla, halafu uligeuze mswada baadaye. Usifanye hivyo. Mtu aliyetia sahihi wazo anaweza kusema kortini kwamba mswada si ule aliokubali.

Mswada wa BBI ulitiwa doa na jedwali lililogawa maeneobunge mapya 70. Jedwali hilo liliingizwa baada ya wananchi kusikilizwa, na Mahakama ya Juu ikalitangaza kuwa kinyume cha Katiba kwa kukosa ushirikishaji wa umma. Somo lake ni dogo na kali: mswada ukishachapishwa kwa ajili ya sahihi, haiguswi nukta wala koma.

### Mada moja

Njia ya Bunge inalazimisha mswada ushughulikie jambo moja na mambo yanayoambatana nalo. Njia ya wananchi haisemi hivyo waziwazi, na suala la kuuliza wapiga kura swali moja au mengi Mahakama ya Juu ilisema halijaiva kuamuliwa. Usiwe wewe wa kuliivisha. Punguza Mizigo ilikusanya hoja nyingi kapu moja, na kila hoja ikazaa adui wake.

### Kagua vifungu jirani

Hapa ndipo rasimu nyingi huharibika. Fuata neno unalobadilisha kila mahali linapojitokeza. Kwa mfano wetu:

78(2) inabeba watu wa aina mbili, maafisa wa Serikali na wanajeshi. Ukifuta ibara yote, umeruhusu pia jenerali mwenye pasipoti mbili, na hapo wabunge wengi watakukimbia. Badala ya kufuta, andika upya: "Mwanajeshi wa majeshi ya ulinzi hatakuwa na uraia wa nchi mbili." Maafisa wameondoka, wanajeshi wamebaki.

78(3) tayari inawatoa majaji, wanachama wa tume, na mtu aliyepewa uraia wa nchi nyingine na sheria ya nchi hiyo bila nafasi ya kuukataa. Inataja ibara ya (2) kwa nambari, kwa hiyo nambari zisisogee.

137(2)(a) inamzuia kugombea urais mtu mwenye wajibu wa utiifu kwa nchi ya kigeni. Usipoigusa, mlango wa Ikulu unabaki umefungwa hata 78 ikibadilika. Ushauri wetu: uache umefungwa na ulitangaze hilo mapema. Itakupunguzia nusu ya vita.

99(2)(c) inataka mgombea ubunge awe raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi. Mkenya aliyerejesha uraia juzi atakutana nayo. Amua kama unaiacha.

Halafu kuna sheria za chini. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 kinamtaka mwenye uraia pacha aukane ule mwingine kabla ya kushika ofisi ya Serikali. Mswada wako hautakifuta moja kwa moja, kwa hiyo andaa mswada wa pili wa kawaida wa kulisafisha hilo.

Umefaulu ukiwa na mswada usiozidi kurasa chache, wa lugha mbili, wenye maelezo ya kila ibara, na mtu asiye wakili akiusoma anaweza kukwambia utabadilisha nini.

### Nani asionekane kuwa mwanzilishi

Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho chini ya 257. Njia hii ni ya Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida. Ukitumia magari ya serikali, machifu, au ofisi ya waziri, unampa mpinzani hoja tayari imepikwa. Kumbukumbu za mikutano yenu ya awali ndizo zitakazoonyesha wazo lilianzia wapi.

## Hatua ya 4: Hesabu sahihi na uchapishe fomu

Katiba inataka sahihi za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua 1,000,000. Ukikusanya milioni moja na laki moja, umeshashindwa.

Okoa Kenya iliwasilisha sahihi zipatazo milioni 1.6. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilipochuja ilikuta halali 891,598 tu. Hiyo ni kama asilimia 56. Kwa kiwango hicho, unahitaji karibu milioni 1.8 ili ubaki na moja. Lenga 2,000,000.

Sasa gawanya. Fomu ya mistari 20 kwa ukurasa mmoja inakupa kurasa 100,000, yaani rimu 200 za kurasa 500. Rimu moja ya karatasi ya gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, kwa hiyo utabeba nusu tani. Panga pikapu, na chumba kikavu.

Nchi ina wadi 1,450. Sahihi milioni mbili ni kama 1,380 kwa kila wadi. Katiba haidai sahihi zitoke kaunti zote, lakini madiwani ndio watakaokupigia kura baadaye, na diwani husikiliza zaidi akionyeshwa sahihi 1,400 za wadi yake.

### Safu za fomu

Kabla ya kuchapa, iandikie IEBC barua kuuliza muundo wa fomu inayoukubali kwa sasa, na uhifadhi jibu. Kwa vyovyote, fomu iwe na:

jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho au pasipoti iliyotumika kujisajili kupiga kura, kaunti, eneobunge na wadi ya usajili, sahihi au alama ya kidole gumba, tarehe. Juu ya kila ukurasa, kichwa cha mswada na sentensi mbili za kinachobadilishwa. Chini, jina na sahihi ya mkusanyaji, na nambari ya ukurasa.

Weka pia sentensi ya ridhaa: mtia sahihi anakubali taarifa zake zipelekwe IEBC na huenda zikachapishwa. Mwaka 2021 Tume ilichapisha orodha ya waunga mkono wa BBI ili umma uikague, na kuna watu waliokuta majina yao humo wakasema hawakuwahi kutia sahihi.

## Hatua ya 5: Kukusanya

Ukikadiria mkusanyaji mmoja ataleta sahihi 60 kwa siku, watu 500 wanaleta 30,000, na kazi inachukua siku 67 hivi. Weka miezi mitatu. Kutakuwa na mvua, mazishi, na siku za soko zilizogongana.

Makosa yanayoua sahihi ni haya, na karibu yote yanazuilika pale pale mezani:

Nambari isiyo sahihi ya kitambulisho. Kadi ya kitambulisho ina nambari mbili, nambari ya mfululizo wa kadi na nambari ya kitambulisho chenyewe. Watu hunakili ile ya kwanza. Mkusanyaji aishike kadi mwenyewe, aonyeshe kwa kidole, na asikubali nambari ya kichwani.

Kuwa na kitambulisho bila kuwa mpiga kura. Vijana wengi wana kadi lakini hawajajisajili. Swali la kwanza liwe, "Ulijisajilia wapi kupiga kura?" Anayesita, mshukuru na uende kwa mwingine.

Kutia sahihi mara mbili. Mtu alitia sokoni Jumamosi, kisha akatia tena kanisani Jumapili. Mwambie waziwazi kwamba sahihi ya pili haimsaidii mtu.

Mwandiko mmoja ukurasa mzima. Mkusanyaji akijaza majina na watu wakatia sahihi tu, ukurasa unaonekana wa kubuniwa hata kama ni wa kweli. Na kama ni wa kubuniwa, ni kosa la jinai. Usilipe kwa idadi ya sahihi. Lipa kwa siku. Malipo kwa kichwa ndiyo huzaa marehemu wanaotia sahihi.

Kutoona mswada. Kila meza iwe na nakala kamili ya mswada, Kiswahili na Kiingereza. Piga picha ya meza ikiwa na mswada. Picha hizo zitafaa kortini.

Kuhusu ughaibuni, ukweli ni mchungu kidogo. Wanaobanwa zaidi na Kifungu cha 78 ndio wenye sahihi chache zaidi: katika uchaguzi wa 2022 wapiga kura waliosajiliwa nje ya nchi walikuwa 10,443 tu. Diaspora inaweza kutoa fedha, wakili na hoja, lakini sahihi zitatoka Bungoma, Kisii, Machakos na Kilifi.

Umefaulu kila jioni ukiwa na idadi ya fomu zilizotoka, zilizorudi na zilizoharibika, na hesabu hizo tatu zinakubaliana.

## Hatua ya 6: Chuja mwenyewe kabla Tume haijakuchuja

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu fedha zimeisha. Ni heri kukusanya laki mbili pungufu kuliko kuiruka.

Ingiza kila mstari kwenye jedwali la kompyuta. Karani mmoja akiingiza mistari 500 kwa siku, makarani 50 watamaliza milioni mbili kwa siku 80. Waanze tangu wiki ya kwanza, fomu zinaporudi.

Panga jedwali kwa nambari ya kitambulisho, kisha futa marudio. Ondoa nambari zenye tarakimu pungufu au za ziada, na mistari isiyo na sahihi. Halafu chukua sampuli: mistari 400 kwa kubahatisha kutoka kila kaunti, na uihakiki kupitia huduma ya IEBC ya kukagua usajili wa mpiga kura. Kaunti ambayo zaidi ya robo ya sampuli imekataliwa, rudi huko ukakusanye upya.

Umefaulu ukibaki na angalau 1,300,000 baada ya kuchuja.

## Hatua ya 7: Peleka IEBC

Kwanza angalia kama Tume ipo. Hili si mzaha. Kati ya Januari 2023 na Julai 2025 IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja kazini, na kipindi hicho hakuna mpango ambao ungeweza kuidhinishwa. Idadi ya makamishna pia ni hoja ya kesi. Katika BBI ilidaiwa kwamba makamishna watatu hawatoshi. Mahakama ya Juu ikasema walitosha.

Wasilisha mswada, fomu asili na jedwali la kompyuta. Fomu zifungwe kwa kaunti, eneobunge na wadi, kwa mpangilio ule ule wa jedwali. Pata risiti yenye muhuri inayotaja idadi ya maboksi na ya kurasa. Baki na nakala zilizoskaniwa.

Tume hulinganisha taarifa na sajili ya wapiga kura na kuangalia kama pana sahihi. Haina hifadhi ya mifano ya sahihi za Wakenya, kwa hiyo hailinganishi mwandiko. Katiba haikuipa muda maalum wa kumaliza. Sahihi za BBI ziliwasilishwa Desemba 2020, na mswada ukapelekwa kaunti mwishoni mwa Januari 2021. Barua ya kuulizia kila wiki mbili si utovu wa adabu.

Umefaulu ukipata barua ya Tume yenye idadi ya sahihi halali, na nakala ya barua ya kupeleka mswada kwa maspika 47 wa kaunti.

## Hatua ya 8: Mabunge 47 ya kaunti

Huu ndio ukuta halisi. Punguza Mizigo ilikuwa na sahihi halali zaidi ya milioni 1.2, lakini ilitaka kupunguza wabunge na gharama za viongozi, kisha ikaenda kuomba kura kwa viongozi. Mabunge mengi yaliikataa. BBI ilipita kwa kishindo baada ya vinara wa siasa kuisukuma, ingawa hata hapo Baringo iliikataa.

Unahitaji kaunti 24 kati ya 47, ndani ya miezi mitatu tangu Tume ipeleke mswada. Saa haisimami kwa sababu bunge liko likizo. Bunge lisilofanya lolote ndani ya miezi hiyo ni sawa na lililokataa, kwa hiyo ukimya si rafiki yako.

Kabla ya Tume kupeleka mswada, pata kalenda ya vikao vya kila bunge la kaunti. Uwasilishaji ukiangukia kabla tu ya likizo ndefu, umepoteza theluthi ya muda wako. Na usithubutu mwaka wa uchaguzi. Madiwani watakuwa kwenye kampeni zao.

Lenga kaunti 32, uzipange kwa makundi matatu: zinazokuelekea, zinazoyumba, zilizopotea. Fedha na watu wote wapeleke kwa kundi la katikati. Kila moja iwe na diwani mmoja atakayesimama kuutetea mswada, na wananchi wa kutosha kufika kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma, ambacho Kifungu cha 196 kinakidai.

Bunge la kaunti hukubali au hukataa. Halina kazi ya kurekebisha. Diwani akisema "tutaupitisha tukiongeza kipengele", mwelezee kwa upole kwamba nyongeza yake inaua mswada wote.

Tahadhari ya nakala. Wakati wa BBI, kamati ya pamoja ya Bunge iligundua kwamba nakala zilizofika kaunti hazikuwa zote sawa. Tuma mtu wako kwa kila karani wa bunge la kaunti alinganishe nakala iliyofika na ile uliyoipeleka IEBC, ukurasa kwa ukurasa. Ikitofautiana, iarifu Tume kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Spika wa kaunti iliyokubali lazima apeleke nakala ya mswada pamoja na cheti kwa maspika wote wawili wa Bunge. Kura bila cheti haihesabiwi. Fuatilia cheti kama unavyofuatilia hatimiliki ya shamba.

Umefaulu ukiwa na nakala za vyeti 24.

## Hatua ya 9: Bunge la Kitaifa na Seneti

Mswada lazima uwasilishwe bila kuchelewa. Utapitia kamati na vikao vya umma, kisha kura.

Jambo moja la kushika: idadi inayohesabiwa ni ya wabunge wote, hata waliobaki nyumbani. Kura 150 dhidi ya 20 katika Bunge la Kitaifa ni kushindwa. Kazi yako siku hiyo ni kuhakikisha watu 175 wamo ukumbini, na 34 kule Seneti.

Ukishindwa katika bunge moja, usilie. Kifungu cha 257(10) kinaupeleka kwa wananchi.

## Hatua ya 10: Ikulu, au debe

Mfano wetu ukipita mabunge yote mawili, na usiposemwa unagusa 255(1), maspika huupeleka kwa Rais, naye huutia sahihi. Sheria huchapishwa ndani ya siku 30 baada ya kupitishwa na Bunge.

Ikiwa unagusa 255(1), Rais kwanza huiomba IEBC kuandaa kura ya maamuzi ndani ya siku 90. Tume hutunga swali, kisha kwa kushauriana na spika huliwasilisha bungeni liidhinishwe. Mwaka 2010 rangi zilikuwa kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, na kampeni nzima ikageuka ya rangi. Jiandae kwa hilo.

Ushindi wa kura ya maamuzi una masharti mawili. La kwanza, wengi wa waliopiga kura waseme ndiyo. La pili husahaulika: katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24, wajitokeze asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa. Lamu, yenye wapiga kura kama 81,000, asilimia hiyo ni watu 16,000 tu. Kaunti ndogo zinavuka kizingiti kwa gharama nafuu; zianzie hizo, kisha uende kwenye kaunti kubwa kutafuta kura za ndiyo.

## Kesi zitakazokuja, na karatasi ya kujibu kila moja

"Mwanzilishi si mwananchi." Jibu: kumbukumbu za mikutano na taarifa za benki.

"Umma haukushirikishwa." Jibu: picha za meza, orodha za waliohudhuria, nakala za Kiswahili, na mswada usiobadilika tangu sahihi ya kwanza.

"Sahihi ni za kughushi." Jibu: fomu zilizoskaniwa, majina ya wakusanyaji, na orodha ya mistari uliyoifuta mwenyewe katika Hatua ya 6. Hiyo ya mwisho ina nguvu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha ulijikagua.

"Unavunja muundo wa msingi wa Katiba." Hoja hii, kwamba kuna misingi ya Katiba isiyobadilishwa kwa marekebisho ya kawaida, ilishinda Mahakama Kuu Mei 2021 na Mahakama ya Rufaa Agosti 2021. Mahakama ya Juu ikasema fundisho hilo halitumiki Kenya. Jibu lako ni aya moja.

Baada ya kuchapishwa, bado yule wa uraia pacha hawezi kuapishwa hadi Kifungu cha 31 cha Sheria ya Uongozi na Uadilifu kirekebishwe, au mahakama iseme hakina nguvu tena. Mpe mbunge wako ule mswada wa pili wiki hiyo hiyo, wino ungali mbichi.